Nilivyoosha viti vya Pijo ya mzee kwa dawa ya kupe

Wakuu, poleni na baridi, hasa nyinyi wa upande huu wa mlima.

Humu jukwaani nimesoma nyuzi nyingi za watu waliofaulu. Aliyefufua injini, aliyepaka gari rangi mwenyewe, aliyeuza akacheka. Huu si wa aina hiyo. Nitasema yalivyotokea bila kuongeza chumvi, hata pale ninapoonekana mjinga, na ni pengi.

Baba yangu alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa huku Tetu. Alikuwa na Pijo 504, aliyoiendesha mpaka kifua kikamshinda. Baada ya hapo gari likakaa kibandani kando ya zizi. Kuku walichukua kiti cha nyuma wakawa wanatagia. Panya wakala vya mbele, vyote viwili, mpaka zikabaki springi.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mzee alikuwa amelazwa Nyeri kwa wiki tatu. Jumatatu moja daktari akatuita, mimi na mama, akasema kwa upole kwamba wamefanya walichoweza. Ijumaa tungeweza kumpeleka nyumbani.

Tulielewa. Mzee pia alielewa, kwa sababu alikuwa na sharti moja tu.

"Msinilete na ambulensi," aliniambia. "Majirani wakiona ambulensi wataanza kupima mahali pa hema la matanga. Baba, mimi nitaingia kwa boma yangu nimeketi mbele, kwa gari yangu."

Aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la babake. Mtu akikuita hivyo huku anatafuta pumzi katikati ya maneno, unasema ndiyo.

Fundi jirani aliiwasha Pijo jioni hiyo hiyo. Injini haikuwa shida. Shida ilikuwa viti.

Jumanne nikaenda Karatina, kwa mama mmoja anayeuza vipuri vya magari yaliyovunjwa. Alikuwa na viti viwili vya mbele vya Pijo kama yetu, vya kitambaa. Gari vilikotoka lilikuwa limebeba maziwa maisha yake yote.

Nadhani kitambaa kilikuwa cha kijivu. Nasema nadhani. Kulikuwa na maziwa yaliyomwagika miaka mingi, matope, mafuta ya vichwa vya madereva, na muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, uliosagika ndani ya mishono. Ukibonyeza kiti, kinakupumulia usoni.

"Hiyo ni uchafu tu," yule mama alisema. "Uchafu si huoshwa? Kwani wewe ni mwalimu?"

"Nilisoma chuo kikuu," nikajibu, na sijui kwa nini.

"Ah, basi utaweza."

Kosa la kwanza nililifanya saa hiyo hiyo nilipofika nyumbani. Niliviweka kwenye nyasi, nikamwaga sabuni ya unga, nikafungulia mpira wa maji kama mtu anayezima moto. Maji yalitoka meusi, kisha ya rangi ya chai, kisha ya rangi ya chai ya wageni. Nilifurahi sana. Nilipiga hadi picha.

Wakuu, kiti cha gari si blanketi. Kitambaa ni ngozi tu. Ndani kuna sponji nene, na sponji hunywa.

Na huo ulikuwa mwezi wa saba, Tetu. Ukungu unakuja asubuhi, manyunyu yanaupokea mchana. Jua tunasikia tu kwamba liko Kieni. Niliviweka kwenye vile vitanda vya waya ambavyo mzee alikuwa anaanikia kahawa, nikavifunika kwa nailoni. Jumatano jioni vilikuwa bado vinadondosha maji.

Mama akasema tuviingize jikoni, karibu na moto. Lilikuwa wazo zuri. Juu vilikauka kabisa. Ila lile joto liliamsha viroboto waliokuwa wamelala mishononi, na Alhamisi asubuhi nikamkuta mama ameinua sketi hadi magotini, anajikuna.

"Umeniletea viroboto wa Karatina," alisema. "Wa hapa hawakutosha?"

Sasa nielezee jambo ambalo watu wa ng'ombe watalielewa haraka. Kila boma huku kwetu lina kachupa ka dawa ya kupe nyuma ya mlango. Imeandikwa ni ya ng'ombe. Lakini nimeona ikitumika kwa mbwa, kwa nyumba ya kuku, kwa kitanda cha mfanyakazi. Mimi mwenyewe niliporudi kutoka bweni na kunguni, sanduku langu lilipuliziwa hiyo, pamoja na sare na Biblia. Kwetu, kinachouma kina dawa moja.

Kwa hiyo nikachukua pampu ya mgongoni.

"Hiyo ni ya ng'ombe," mama alisema. "Na huyo mzee ni kifua ako nayo."

"Kufika kesho harufu itakuwa imeisha."

Aliniangalia kidogo. "Haya. Wewe ndiye ulisoma."

Nilipima kipimo cha ng'ombe mmoja kwa kila kiti. Kisha nikaongeza kidogo, kwa usalama. Sponji iliyokuwa bado na maji ndani ikaipokea dawa yote kwa shukrani.

Ijumaa nilifunga viti. Vilikuwa vya kijivu kweli. Niliendesha hadi Nyeri madirisha yakiwa wazi, na nilipofika nikayafunga kwa sababu ya baridi; sikusikia harufu yoyote. Nilidhani imeisha. Ni pua yangu iliyokuwa imekata tamaa.

Mzee aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la kanisani. Nesi akanisaidia kumwinua. Aliketi mbele, akapitisha mkono juu ya dashibodi, akaniangalia na kutabasamu. Nikafunga mlango.

Nilikuwa bado nazunguka mbele ya boneti nilipomwona kupitia kioo anapiga dirisha kwa kiganja.

Sitaeleza kile kikohozi. Nesi aliwahi mlango kabla yangu, akamtoa, akaingiza kichwa ndani ya gari na kukirudisha haraka.

"Brother, hii gari umeiwekea nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali.

Walimrudisha wodini, wakamwekea oksijeni. Jumapili aliletwa nyumbani na ambulensi, amelala chali. Mimi nilikuwa nyuma yao na Pijo, kiti cha pembeni kikiwa kitupu na kisafi.

Jumatatu wazee wawili wa jirani walikuja kutusalimia. Walikunywa chai vizuri. Lakini niliona macho yao yanavyotembea uani, kutoka ua hadi zizi.

Jioni nilikaa kitandani kwa mzee nikamwomba msamaha. Alikusanya pumzi kwanza.

"Angalau," alisema, "nitakufa bila kupe."

Mama alicheka mpaka akatoka nje, na huko nje hakuwa anacheka.

Mzee alikaa nasi siku kumi na moja. Siku moja karibu na mwisho aliniuliza, "Baba, hiyo gari bado inawaka?"

"Inawaka."

"Enda uiwashe nisikie."

Nikaiwasha kule langoni, mbali na dirisha lake, maana sasa nilikuwa mtu mwangalifu. Niliporudi alikuwa amefumba macho. "Silinda moja imelala," alisema. "Lakini inatembea."

Sasa funzo, kwa wale waliofungua uzi huu wakitafuta namna ya kuosha viti.

Vuta vumbi kwanza. Tumia povu, si maji. Sugua sehemu ndogo ndogo kwa brashi laini, fyonza kwa taulo kavu, rudia. Kama ni lazima kulowesha, vua kitambaa, sponji ikauke peke yake. Usifanye hivyo wakati wa baridi. Na dawa ya kupe ni sumu, isikaribie mahali binadamu anapoketi, hata mkiitumia hivyo tangu enzi za babu.

Lakini funzo lenyewe si hilo. Mzee hakuniomba kiti kisafi. Aliomba kuketi mbele. Ningetandika gunia na blanketi juu ya zile springi, angefika. Hata vile viti vya maziwa, jinsi vilivyokuwa, angevicheka njia nzima na angefika. Mimi ndiye niliyeogopa nesi aone msomi amekuja kumchukua babake na viti vinavyonuka.

Nilivifungua baada ya mazishi, nikavirudisha kwenye vitanda vya kahawa. Vimepigwa na jua la mwezi wa kwanza na wa pili, na bado vinanuka.

Mwenye kujua kinachotoa harufu ya dawa ya kupe ndani ya sponji, aniandikie hapa chini. Waliowahi kuharibu jambo kwa kulifanya vizuri mno nao pia wanakaribishwa. Jibuni mkipata nafasi. Sina haraka tena.