Kisanduku cha Mtunzi

Mwantumu hapendi wimbo usio na jina. Katika kibanda chake karibu na stendi ya Korogwe, ambako watu humletea flashi na memori kadi awajazie nyimbo, hakuna mteja anayeondoka na kitu kilichoandikwa namba tupu. Atasubiri kwanza aandikiwe jina la wimbo, la mwimbaji na mwaka. Wenye haraka humwambia kuwa muziki ni wa masikio, si wa macho. Yeye huwajibu kuwa hata mtoto hapelekwi kliniki bila kadi.

Tabia hiyo ndiyo iliyomfikisha, miaka minne iliyopita, kwenye hifadhidata ya muziki mtandaoni, inayojazwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Humo alichagua fungu ambalo wengi hulipita: muziki wa michezo ya kompyuta na simu. Mtu hucheza mwezi mzima, muziki ukamkaa kichwani, asijue kamwe aliyeutunga. Kila alasiri, wateja wakipungua, Mwantumu huwatafuta watunzi hao na kuwaandika mahali pao.

Mmoja wa michezo aliyoipanga unaitwa Kiangazi. Vijana wa Dar es Salaam waliutengeneza. Mchezaji huswaga ng'ombe kutafuta maji. Wimbo wa saba, "Zizini", ni sauti ya mwanamke peke yake. Watengenezaji walieleza tu kwamba ilirekodiwa Handeni. Kwenye hifadhidata, kisanduku cha kujazia jina la mtunzi kilikuwa kitupu, na kitu kitupu humkera Mwantumu. Aliandika: wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Yeye ni Mzigua, na Wazigua wameishi na wafugaji miaka mingi. Hakuona la kuuliza.

Miaka miwili baadaye Lenku, mfugaji wa makamo kutoka Handeni, alikuja na flashi yake akaukuta wimbo huo unapigwa. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema huo ni wimbo wa mama yake, Naisimoi, na kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeutunga. Mwantumu akamwonyesha alichokiandika.

"Ninyi Wazigua," Lenku akasema taratibu, "kila shina la muhindi mnajua nani kalipanda. Nyimbo zetu ndiyo zimejiotea?"

Mwantumu siku hiyohiyo aliomba kubadilisha taarifa. Katika hifadhidata ile, badiliko hupigiwa kura na wenzake kwa siku saba, isipokuwa kura za hapana zikizidi mapema; lake lilikataliwa siku ya pili. Mpiga kura mmoja aliandika kwamba neno la mteja dukani si ushahidi, tena aliyeujaza wimbo huo mwanzo ni mtu wa huko, asiyekosea. Mtu huyo alikuwa Mwantumu mwenyewe. Usahihi uliomjengea jina kwa wenzake ndio uliosimama mlangoni, ukimzuia Naisimoi asiingie.

Alifunga kibanda, akaenda Handeni. Lenku alimpokea na kumpeleka bomani, ambako Naisimoi alikuwa akikamua. Mwantumu alimwamkia shikamoo, akasubiri kibuyu kijae. Halafu akaeleza alichokosea, bila kupunguza.

Naisimoi aliuliza kama hao wanaopiga kura wamewahi kukamua. Akaambiwa huenda hawajawahi. Akacheka, akasema basi waelezwe polepole. Alipoletwa kwa mumewe akiwa bibi harusi, alisimama langoni akakataa kuingia mpaka atajiwe ng'ombe atakayepewa, kama ilivyo desturi. Baba mkwe akampa Sambu, ndama wa mabaka. Sambu alipozaa aligoma kutoa maziwa, mpaka siku Naisimoi alipomwimbia. Katika wimbo yumo Sambu kwa jina, limo lango, yumo baba mkwe.

"Wimbo hauwezi kumzidi umri ng'ombe wake," alisema. "Waandikie hivyo."

Mwantumu alimrekodi akiimba na akieleza, Lenku akatafsiri ubeti kwa ubeti. Alipokuwa anaaga, Naisimoi alitaka jina la Sambu nalo liandikwe. Hifadhidata haina kisanduku cha ng'ombe. Mwantumu alisema ataliweka kwenye maelezo.

Safari hii aliambatanisha rekodi, tafsiri na sentensi moja: kosa la awali ni langu, niliandika bila kuuliza. Yule aliyemkataa alirudi na swali moja kuhusu lango, akajibiwa, akapiga kura ya ndiyo. Siku ya saba kisanduku kilibadilika: Naisimoi, Handeni. Chini yake, kwenye maelezo, yupo Sambu.

Mwantumu alimpigia Lenku kumpa habari. Kisha akatafuta maneno "wimbo wa asili" katika kazi zake zote. Yalitokea mara kumi na nne. Akaufungua wa kwanza, uliorekodiwa Bungu, akaanza kujiuliza ni mtu gani wa huko anayemfahamu, ili amuulize aliyeutunga.