Siku Tuliyoingiza Seredani Garini

Nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu, na harusi yangu haikuwa ndogo. Njoo ukae hapa karibu. Chai ikipoa tutapasha nyingine. Nataka kukusimulia habari za gari la baba mkwe wako, wakati mumeo alipokuwa mtoto mchanga wa kubebwa, kisha nina jambo la kukuomba.

Tulikuwa tukikaa ughaibuni, mtaa wa Small Heath, miaka ya sabini mwanzoni. Baba mkwe wako Seif, Mungu amrehemu, alifanya kazi kiwanda cha magari kule Longbridge. Kazi yake ilikuwa kuitia milango ya magari mipira ya kingo, mvua na upepo visipenye. Alitamani kutupeleka pwani ya Wales kama wenzetu wanavyowapeleka watoto wao likizo. Hoteli hatukuziweza, na zile nyumba za wageni tulizoziweza, wenyewe wakishatuona sura mlangoni, vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Basi akanunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akasema hiyo ndiyo hoteli yetu.

Alilishughulikia majira ya baridi yote, pale pale barabarani mbele ya nyumba. Vitanda alivitengeneza kwa mbao za masanduku aliyookota sokoni. Mchana unakalia benchi, usiku unavuta ubao unalala. Magodoro yalikuwa sponji za kochi la watu lililotupwa. Mapazia niliyashona mimi kwa kanga zangu za zamani, na lile gari likanukia mikate mpaka mwisho wa maisha yake. Kwenye kuta akabandika mablanketi, juu yake plaiwudi. Halafu akaingia kwenye fani yake sasa: kila ufa akauziba kwa mpira na gundi. Alivyojivuna, usiseme! Akiwaita majirani waingie, anafunga mlango, anawauliza kama wanasikia upepo. Nani asikie? Jiko la gesi tu ndilo lililotushinda bei, akasema mwaka ujao.

Mama yake, Bi Mkubwa, alikuwa amekuja kutoka Unguja kunihudumia katika uzazi wa mumeo. Alinipikia, akanikanda, akanifunga tumbo, sikunyanyua hata kikombe. Nami nilikuwa nikimwogopa kweli kweli. Nyumbani nilifundishwa kwamba mkwe akisema, jibu ni ndiyo mama, na macho yako yawe chini.

Arubaini ilipokwisha tukaenda kulijaribu gari kabla ya safari ya Wales. Tulikwenda vilima vya Lickey, Jumapili mchana. Mvua ikatukuta huko, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Bi Mkubwa alikuwa amechukua seredani yake, jiko dogo la mkaa alilokuja nalo kutoka nyumbani. Akauwasha mkaa nje chini ya mwavuli, akaupepea mpaka ukawa mwekundu, ndipo akaliingiza ndani na kuliweka katikati yetu.

"Mkaa ushaiva huu, hauna moshi tena," alisema.

Maisha yake yote alifanya hivyo na hakudhurika, kwa sababu nyumba za kwetu zina matundu juu ya milango na hewa inapita inavyotaka. Katika gari la Seif hata sisimizi asingepata pa kupita.

Joto likawa tamu. Seif akajinyoosha kwenye benchi, akalala. Wifi yako Rukia, wakati huo ana miaka minne, akasema, "Mama, kichwa kinauma." Bi Mkubwa akasema ni njaa. Lakini na mimi kichwa kilikuwa kinanigonga, na hapo nikamkumbuka nesi aliyekuwa akija nyumbani kumpima mumeo. Alinionya nisiwashe makaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, kwamba watu hulala wasiamke. Nilijua, mwanangu. Usidhani nilikuwa nabahatisha.

"Mama, nifungue mlango kidogo?" nikauliza, macho chini.

"Mtoto wa arubaini apigwe na baridi hii? Hebu wacha."

Nikawacha. Nikakaa nikiyatazama yale makaa, najiambia nihesabu pumzi chache halafu nitasema. Nilichokuwa nikikiogopa ni kuambiwa sina adabu, nimemjibu mkwe wangu mbele ya mume wangu. Rukia akaniegemea, mdomo wazi. Nikamwita Seif, akaguna tu. Nikamtazama mumeo mapajani mwa bibi yake. Wakati wake wa kunyonya ulikuwa umepita, angepaswa kuwa anapiga kelele za kuudhi dunia, naye kimya. Nikaunyanyua mkono wake. Nilipouachia ukaanguka wenyewe.

Nikapiga ukelele ambao sijaupiga tena. Kusimama nilishindwa. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikaupiga mateke ukafunguka, seredani nikaisukumia matopeni na kiganja kikaungua. Nikampokonya Bi Mkubwa mtoto. Nasema nilimpokonya, mwanangu, mikononi mwake. Rukia nikamvuta kwa nguo. Seif akaamka kwa baridi, akatoka akitapika, akamtoa mama yake. Tukawa wote mvuani, Rukia analia, na mumeo bado kimya. Nilimsugua kifua, nikampulizia uso, nikamwita jina lake nikichanganya na dua. Mwisho akakunja uso, akapiga chafya, akalia. Nilifurahi mpaka nikakaa chini kwenye matope.

Hospitali walimpa hewa, wakasema atapona. Tulipokuwa tukingoja, Bi Mkubwa akaja kukaa karibu yangu, kanga imemganda mwilini. Nikajua sasa nasemwa kwa kumpokonya mtoto.

"Ulianza kuhisi lini?" akaniuliza.

"Tangu Rukia aliposema kichwa."

"Na ukawa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

Akanitazama mpaka nikainua macho. "Heshima gani hiyo ya kunizikia mjukuu wangu? Mimi sikujua. Wewe ulijua, ukaninyamazia. Siku nyingine nikikosea, nambie. Nikikasirika, nambie tena." Kisha akalia, na mimi nikalia.

Seif alitoboa matundu mawili juu ya paa kwa mkono wake mwenyewe, na Wales tulifika.

Sasa, mwanangu. Jana nilipochovya kidole kwenye asali nimlambishe mjukuu wangu mchanga, nilikuona. Ulifungua mdomo, ukaufunga, ukanichekea. Ndiyo maana nikasema nimesahau kunawa mikono, nikaiacha. Nisikilize vizuri: ukinipikia, ukinipokea kwa shikamoo, umeniheshimu na nakushukuru. Lakini ukiona naelekea kumdhuru mtoto, usinistahi. Nizuie, hata mbele ya wageni, hata nikinuna wiki nzima. Mungu akukuzie mwanao, akupe moyo wa kusema, na mimi anipe masikio ya kusikia.

Haya, nambie. Asali ina nini?