Msimu wa Mwisho wa Mama Uwanjani

Nyumba yetu ya Edmonton, kaskazini mwa London, ilinuka fulana mbichi. Mama alizianika juu ya hita zote, sebuleni hadi chumbani kwangu, fulana za njano zenye jasho la mabinti wa watu, na madirisha yakalowa mvuke tusiweze kuona barabara. Mama alikuwa kocha wa mpira wa miguu na wa kikapu katika chuo kimoja kidogo karibu na kwetu. Ujanani, huko Moshi, alicheza mpira wa kikapu, na alipofika London alisafisha madarasa ya chuo hicho miaka mingi kabla hawajamruhusu kushika filimbi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuniangalia, jioni zangu zilipita kwenye benchi, nimejifunika koti lake.

Vuli hiyo paa la ukumbi wa michezo lilianza kuvuja. Wakaufunga, wakasema ni matengenezo. Mama akawahamishia wachezaji wa kikapu kwenye maegesho ya magari, mahali pasipo na goli wala mistari, akawafundisha kupasiana kwa kuupiga mpira ukutani. Mvua za huko hazipigi kelele, zinalowesha tu, na lami ilikuwa nyeusi na ya kuteleza. Wasichana walikuwa walewale waliocheza pia mpira wa miguu, kwa sababu wengine walishaacha. Nahodha wao, Neema, binti wa nesi Mkenya, alimuuliza siku moja kwa Kiswahili, wenzake wasielewe, "Kocha, ukumbini tutarudi lini?"

"Wakimaliza kuezeka, mwanangu."

Lakini hakuna fundi aliyepanda juu ya lile paa. Walichofanya ni kuuzungushia ukumbi uzio wa mabati.

Kabla ya Krismasi mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya upole, alimsimamisha Mama kwenye korido nami nikiwa pembeni. Alimwambia chuo kitabaki na masomo ya darasani tu, na uwanja utajengwa nyumba. Alisema amesikitika sana. Mama aliitikia kwa kichwa kama anayeelekezwa njia, kisha akauliza kitu kimoja: kama ataruhusiwa kumaliza msimu. Mkuu akakubali upesi. Nadhani aliona hilo halimgharimu kitu. Kwenye basi nilimuuliza Mama kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwa nini hakubisha. Akanijibu, "Ningebisha na nani? Yule ametumwa."

Habari zikaenea, na wachezaji wakaanza kupungua. Neema mwenyewe alihamia chuo cha Lewisham. Alikuja kuaga akilia, Mama akamfunga vizuri skafu shingoni na kumwambia asikubali kuwekwa golini huko aendako. Siku ya mechi ya mwisho ya mpira wa miguu wageni walifika na basi lao. Wetu walitokea sita, mmoja pungufu ya wanaotakiwa ili mechi ianze. Refa alisubiri kidogo, kisha akawapa wageni ushindi bila mpira kuguswa. Mama alimfuata hadi katikati ya uwanja. "Waache wacheze hivyohivyo," alimsihi. "Hata nusu saa. Wamejiandaa." Refa alitazama mawingu, akasema pole, akaenda kwenye gari lake. Basi la wageni nalo likaondoka. Mama akapanga koni kwenye tope, akapuliza filimbi, akawakimbiza wale sita mazoezi ya kumiliki mpira kana kwamba wiki ijayo kuna mechi. Walikimbia wote. Hakuna aliyecheka wala kuuliza ya nini.

Baada ya hapo aliomba kazi kwenye vyuo na vituo vya vijana, kila mahali wakataka vyeti asivyokuwa navyo. Akaingia kwenye kazi ya kuhudumia wazee, na yuko huko mpaka leo, Barking, anainua miili ya watu kwa mgongo uliokwisha. Pale uwanjani pamejaa nyumba za matofali mekundu. Nimepita hapo mara nyingi, na siwezi tena kusema goli lilikuwa upande gani.

Mwaka huu binti yangu amechaguliwa kwenye timu ya mpira ya shule. Alimpigia bibi yake simu, akamwambia kwa Kiingereza chake cha haraka aje amwone akicheza. "Nina zamu, mjukuu wangu," Mama akajibu. Hakuwa na zamu, ratiba yake naijua. Jumamosi tulimpitia baada ya mechi. Mtoto, matope hadi magotini, alisimama mbele yake akamweleza jinsi walivyofungwa, jinsi wote walivyokuwa wakiukimbilia mpira mmoja na hakuna aliyewaambia wakae wapi. Niliuangalia uso wa Mama, nikingoja. Zamani asingeweza kusikia hayo bila kuinuka na kupanga vikombe mezani kuonyesha nani asimame wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba.

"Mmekula?" akauliza.

Tukasema bado. Akaenda jikoni kupasha wali.