Marufuku Kukalia Gunia

Nyumbani kwetu Chimala ni marufuku kukalia gunia la mpunga. Nilipoolewa nilidhani ni mwiko wa kabila la mume wangu, maana alizaliwa ng'ambo ya ziwa, akaja huku akiwa kijana kutafuta kazi kwenye mashine za kukoboa. Nikacheka tu. Kila mtu na mwiko wake.

Kilichoniudhi ni kwamba aliuza mpunga wote shambani, siku ileile ya kupura, kwa bei ya kutupa. Majirani waliuweka ndani wakasubiri bei ipande. Nikamsema mpaka siku moja akanijibu.

Alikuwa mtoto wanajeshi walipopindua serikali ya kwao. Redio ilipiga muziki wa bendi ya jeshi asubuhi nzima, kisha afande mmoja akatangaza bei mpya ya mpunga, na kwamba atakayeuficha ni mhujumu uchumi. Baba yake alikuwa na magunia ya mbegu. Walipoingia walimkuta ameyakalia. Walimchukua, hakurudi. Baadaye wanajeshi wengine wakawapindua wale, wakaifuta ile bei, na mwenye kuweka akiba akaanza kuitwa mkulima hodari.

"Kosa la baba likageuka sifa," aliniambia. "Yeye hayupo."

Nilimhurumia kweli, lakini nilikuwa na binti wa kupeleka chuo. Mwaka huu nilimbembeleza hadi akakubali tuuweke mpunga ndani. Magunia yakajaa sebuleni, naye akawa anayapita pembenipembeni, kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Nilikuwa sokoni gari la matangazo lilipopita. Wakulima walikuwa wanaitwa kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku, na kijana wa kipaza sauti akaipamba kazi yake. Kwanza bendi, halafu, "Mapinduzi! Mapinduzi ya kilimo yamefika Chimala!" Sisi tuliozaliwa hapa neno hilo halitutishi. Lina sikukuu yake, tunapika wali.

Niliporudi nilikuta magunia yako kando ya barabara kuu, yamefunguliwa, na mume wangu anawasihi wapita njia.

"Chukueni jamani, kwangu hamna kitu!"

Watu walikuwa wanachota kwa ndoo huku wanacheka. Nilifoka, nikafukuza mmoja mmoja, lakini nilikuwa nimechelewa. Gunia la mwisho binti yetu alikuwa amelikalia, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, kwa sababu ndilo lililobaki la chuo chake. Baba yake alikuwa anamvuta, analia.

"Shuka, mwanangu. Watakukuta!"

Nilimtazama mwanamume yule mzima anachungulia barabara kama wanajeshi wanakuja, hasira ikaniisha. Nilimshika binti yangu mkono, nikamshusha mwenyewe.

Chuo hakwenda. Binti hajamsamehe baba yake bado. Ila siku hizi redio ikipiga bendi, hata kabla sijasikia wanasema nini, namtafuta binti yangu kwanza nione amekalia nini.