Suruali ya Paka wa Mama Pindo

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Pindo anasimamisha cherehani katikati ya mshono. Ni mara ya nne tangu aketi. Anainama chini ya meza ya kukatia, kwenye boksi la kadibodi, anazungusha futi ya kupimia nguo kwenye paja la paka.

"Inchi saba," ananong'ona, anaandika ukutani kwa chaki. Jana jioni ilikuwa saba vilevile.

Paka huyo anaitwa Bosi, na cheo chake si cha utani: ndiye anayelinda vitambaa visitafunwe na panya. Wiki mbili zilizopita, pikipiki ilimgonga mbele ya kibanda. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tisa pajani, akaagiza mambo mawili: asiruke, na asilambe kidonda.

Hapo ndipo fundi alipojiponza. Miaka kumi na tisa anashona, ashindwe na paka? Alikata kitambaa kizito cha suti, akakitia bitana, akashona suruali ya mguu mmoja iliyomkaa Bosi barabara. Majirani wakaja kupiga picha. Naye, lo, kichwa kikamvimba!

Siku ya nne ikaja harufu. Alipoivua suruali, kidonda kilikuwa kimejaa usaha.

"Daktari aliniuliza, 'Mama, kidonda kitapumulia wapi?' Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Nilishona nguo ya kusifiwa mimi. Yeye anaungua humo ndani, hana mdomo wa kusema."

Sasa Bosi amepewa dawa, na siku ya mwisho. Keshokutwa, Alhamisi, uvimbe usipopungua, mguu unakatwa.

Basi hatulii. Anashona kidogo, anainuka. Sare za shule ishirini na mbili zinamsubiri, na sketi moja ameshaishona nje ndani. Mumewe, fundi baiskeli wa kibanda cha pili, anachungulia.

"Mke wangu, mguu haupungui kwa kupimwa."

"Nenda kazibe pancha zako."

"Hata wakiukata, paka wa miguu mitatu bado ni paka. Heri nusu shari."

"Nusu shari ya nani? Yako wewe?" anafoka, na machozi yanamtoka.

Mume anaingia. Anaketi sakafuni, anashika kichwa cha paka ili mkewe asafishe kidonda kwa maji ya chumvi. Bosi anamng'ata kidole.

"Kweli huyu bosi," anasema, akikipuliza.

Saa tano, futi inasoma inchi saba kasorobo. Mama Pindo anapima tena, hathubutu kufurahi. "Labda nimeikaza mno," anasema, anamkabidhi mumewe futi. "Hebu pima wewe. Mkono wangu siuamini."

Mume anapima taratibu. Saba kasorobo.

"Namwomba Mungu Alhamisi nirudi naye mzima," anasema Mama Pindo, akirudi kwenye cherehani bila kukanyaga pedali ya kuiendesha. "Lakini daktari nimeshamwambia, ikibidi kukata, nitamshika mwenyewe. Aliyemuumiza ni mimi. Simwachii mtu mwingine."