Upupu Usiotajwa

Juzi, kwenye uzio wa jirani yetu hapa Mkuza, niliona maua ya zambarau yakining'inia kama vichala vya zabibu, majani matatumatatu, na maganda yenye manyoya ya kahawia. Nikakumbuka alasiri moja shambani kwa bibi, Kisarawe, ilipojaa harufu ya mihogo mibichi.

“Usiutaje huo, utakuwasha.”

“Jina linawashaje, bibi?”

“Mbishi wewe, mume wangu. Haya, taja uone.”

Nikasimama chini yake, nikapaza sauti: “Upupu! Upupu!” Shingo ikawaka moto. Bibi alinipaka majivu huku akicheka. “Umeona? Umekuitikia.”

Leo najua ni upepo uliopeperusha yale manyoya. Lakini jirani aliponiuliza mmea wake unaitwaje, nilijibu, “Ni ule unaowasha.”