Kalamu ya Mama Mukwe

Nitawaambia, hata kama bado nasikia haya. Vita ilifunga barabara ya Shabunda, mbao nzuri ikakosekana, na mashini yangu ya kukereza kalamu, ile ya kukanyaga na muguu, ikalala njaa. Siku moja nyuma ya jikoni nikaona muti umeegemezwa ukutani, muzito, laini kama umepakwa mafuta. Mimi sijuagi mambo ya jikoni. Nikasema Mungu ametuma. Nikaukata, nikakereza kalamu moja ya kupendeza sana, nikamupa mama mukwe wangu, aliyetukimbilia kutoka Kamanyola na kinu yake ya sombe, yale majani ya muhogo, kichwani.

Akaipapasa, akainusa. Halafu akatabasamu.

"Aksanti, papa. Sasa sombe ya leo nitaitwanga na hii kalamu?"